Mtumbwi wa Kukamulia Rubisi

Wimbi la kwanza lilimlowesha Mzee Rutaihwa viatu. La pili likamlowesha suruali. La tatu likamnyamazisha, na hapo ndipo Nancy alipoanza kuogopa, maana tangu waondoke mwaloni kwa wavuvi, upande wa Muleba saa mbili asubuhi, baba yake mkubwa hakuwa amefunga mdomo hata kwa kupiga chafya.

Walikuwa watatu kwenye boti. Rutaihwa alikuwa mkulima wa Kashozi, mwenye kibanja cha ndizi na kahawa, koti lililopigwa pasi, na maoni juu ya kila kitu. Nancy, binti wa mdogo wake, alikuwa mwalimu mpya aliyepangiwa shule ya msingi kisiwani Bumbire, na alikuwa akienda kuripoti. Mwenye boti alikuwa Hussein, mzaliwa wa Ukerewe, mvuvi wa dagaa kwa miaka kumi na minane, mtu wa maneno machache na kofia moja.

Tukihesabu kwa haki, abiria wa nne alikuwa mtumbwi. Si wa kuvulia. Ulikuwa gogo zima lililochongwa tumbo wazi, refu kupita kitanda cha mtu mrefu, ambamo Wahaya humimina ndizi za embile zilizoiva na kuzikanyaga kwa miguu pamoja na majani mpaka juisi itoke, ndipo rubisi, pombe ya ndizi, ipikwe. Aliuchonga baba yake Rutaihwa. Jovita, mama wa Kihaya mwenye kilabu huko kisiwani, alikuwa ameuomba kwa miaka miwili. Rutaihwa alikubali kwa sharti kwamba ataupeleka mwenyewe, pamoja na mikungu mitatu ya embile ya kuuzindua.

"Nikiutuma," aliiambia Kashozi nzima, "watu wa kisiwani wataupasua kuni kabla haujafika kwa Jovita."

Kule mwaloni, Hussein alikuwa amesema jambo moja tu. "Tuulaze kifudifudi, mzee. Mdomo chini."

"Mtumbwi huu umepinduliwa mara moja tu," Rutaihwa alijibu, "siku baba yangu alipofariki. Hautapinduliwa leo na mtu anayelala chini ya turubai."

Hussein alikuwa na jibu. Angeweza kusema kwamba chombo chenye mdomo wazi juu ya boti ndogo hujaa maji, na maji ni mzigo unaotembea. Lakini aliliangalia lile koti, akajisemea moyoni kwamba hawa wasomi wa Bukoba wanajua yote, hakuna haja ya kuwachosha. Akaufunga mtumbwi wazi vilevile, akawasha injini. Kwa hiyo ajali ile ilikuwa na baba wawili: mmoja aliyesema sana na mwingine aliyenyamaza kwa makusudi.

Mvua ilikuja na upepo wa kusini kwa pamoja. Ziwa likabadilika rangi, likawa kama maji ya kuoshea masufuria. Mtumbwi ukanywa mvua, ukanywa mawimbi, na kila boti ilipoinama, maji yale yalikimbilia upande ule ule uliokuwa umeinama.

"Yachoteni," Hussein alisema.

Nancy alichota kwa sufuria yake mpya. Rutaihwa alichota kwa kofia ya Hussein bila kuomba ruhusa. Walikuwa wamepunguza labda ndoo mbili wimbi kubwa lilipowapiga ubavuni. Maji ndani ya mtumbwi yakaruka upande wa pili, boti ikayafuata, na mara juu ikawa chini.

Nancy alipoibuka alikuwa na jaketi la kuokolea lililompanda mpaka masikioni. Alipiga kelele. Alimwona baba yake mkubwa ameukumbatia mtumbwi uliokuwa umekatika kamba na kumwaga maji yake, ukielea vizuri kuliko boti yenyewe. Kisha akamwona Hussein akiogelea kwa mkono mmoja, na nyuma yake maji mekundu. Pangaboi la injini lilikuwa bado linazunguka wakati boti inapinduka.

Rutaihwa alinyoosha mguu. "Shika hapa."

Hussein alishika kiatu cha mtu aliyemdharau saa moja iliyopita, na kiatu kilikuwa kimefungwa kamba vizuri. Hiyo ndiyo faida ya kuwa mtanashati.

Upepo uliwasukuma muda ambao hakuna aliyeweza kuupima. Mwishowe miguu yao iligusa mawe. Kilikuwa kisiwa kwa jina tu: jabali lenye ukubwa wa viwanja viwili vya mpira, jeupe kwa mavi ya ndege, lenye vichaka vitano na mti hata mmoja hapana. Boti ilikuwa imetangulia na kupasukia kwenye ncha yake. Mbao zilikuwa zimetapakaa, madumu mawili matupu yakigongana, na mikungu ya embile ikielea kuja ufukweni mmoja mmoja, kama wageni wa harusi waliochelewa.

Simu zote zilikuwa zimekufa. Bumbire ilionekana kwa mbali, ya bluu, kama kilomita sita.

Nancy alikuwa skauti sekondari. Beji yake ya huduma ya kwanza aliipata kwa kuufunga bandeji mguu wa kiti, na kiti hakikuwahi kulalamika. Mguu wa Hussein ulikuwa kitu kingine. Nyama ya nyuma ya goti kwenda chini ilikuwa imefunguka kama ganda la ndizi. Nancy alichana kitenge chake, akakunja kipande, akakandamiza kwa mikono miwili, akahesabu mpaka mia tano.

"Mwalimu," Hussein alisema, jasho likimtoka, "kule majini uliita 'help'."

"Sikuita."

"Uliita mara tatu. Samaki wa huku wameishia darasa la pili, hawajakuelewa."

Nancy alicheka, halafu akaona aibu kucheka huku damu ya mtu iko mikononi mwake, halafu akacheka tena. Akafunga kitambaa kwa nguvu mpaka Hussein akaacha utani.

Mfukoni mwa Nancy kulikuwa na karatasi kutoka kwa shangazi Theopista wa Buhembe, yenye maagizo ya kuishi kisiwani. Usiache sufuria nje, watachukua. Usile kwao, hawanawi. Usimpe mtu simu yako ashike. Kulikuwa na mengine kumi na moja, mengine yamepigiwa mstari. Alipoitoa ilikuwa uji mtupu, wino wote umeingia ziwani. Alimwangalia mtu wa kisiwani wa kwanza aliyewahi kumgusa, akaifinyanga ile karatasi, akaitupa.

Rutaihwa yeye alikaa kando, mgongo ameuegemeza kwenye mtumbwi wake, akiwa amewekea mikungu mkono kama mtu anayelinda watoto. Jioni wingu jingine lilishuka. Hussein alianza kutetemeka, meno yakigongana kwa sauti.

"Anahitaji paa," Nancy alisema.

Wote watatu waliangalia kitu kimoja. Mtumbwi ukilazwa kifudifudi, upande mmoja juu ya jiwe, ungemfunika mtu mzima na kubaki nafasi ya mabega.

"Mzee, acha," Hussein alisema. "Nimelala kwenye mvua mara nyingi."

Matone ya kwanza yalianza. Rutaihwa akainuka, akavua koti lake, akaingiza mikono chini ya ukingo wa mtumbwi na kuupindua mwenyewe, hataki kusaidiwa. Ulipotua alisema maneno ya Kihaya kwa sauti ya chini, ya kumwambia baba yake samahani. Kisha akamvuta Hussein kwa makwapa mpaka ndani na kumtandikia lile koti.

"Una harufu ya dagaa," alimwambia.

"Na wewe ya pombe, mzee."

"Basi leo tumekuwa kilabu."

Walilala hivyo, Hussein katikati, migongo imebanana, mpaka kukapambazuka.

Siku ya pili upepo haukuacha. Hakuna boti iliyotoka. Walikula embile, ambazo ni tamu mpaka zinakera, na kunywa maji ya ziwa ambayo Nancy aliyachuja kwa kitambaa, ingawa alijua kitambaa hakizuii kichocho. Saa sita alifungua mguu. Ulikuwa umevimba, unang'aa, na kingo za kidonda zimekuwa na rangi asiyoipenda. Kulikuwa na harufu ambayo haikuwa ya dagaa.

"Sema ukweli," Hussein alimwambia.

"Kesho uwe hospitali. Keshokutwa watakuwa wanazungumza habari ya kukata."

"Mvuvi mwenye mguu mmoja," Hussein alisema, akiliangalia ziwa. "Nitasimama wapi nikivuta nyavu?"

Nancy alimfunga mguu upya kwa kipande kingine cha kitenge.

Baadaye kidogo Hussein ndiye aliyeanza tena kuzungumza. Alikuwa akiutazama mtumbwi kwa dakika nyingi. "Huu unaelea," alisema.

"Umechongewa ndizi," Rutaihwa alijibu. "Tumbo lake ni la mviringo. Ukikaa ndani unakumwaga."

"Boti yoyote inakumwaga ukikaa juu. Mtu akilala chini kabisa, uzito unakuwa chini. Mimi siwezi kusimama hata hivyo, kwa hiyo mzigo wa chini tumeshaupata. Tukipitisha mbao mbili juu, tukafunga madumu huku na huku, hautapinduka." Akanyoosha kidole. "Ila una ufa."

Ulikuwa na ufa kweli, mrefu kama mkono, kazi ya mawe. Rutaihwa alipiga magoti, akaupitishia kidole kama daktari, na kwa mara ya kwanza tangu ajali uso wake ukachangamka.

"Kijana, nimeziba nyufa za mtumbwi huu tangu sijaota ndevu. Rubisi ikivuja, mke anakununia wiki nzima. Nipe hizo kamba zilizofunga mikungu."

Zilikuwa kamba za mgomba, zilizosokotwa nyumbani kwake. Alizifumua, akazitafuna zikalainika, akazichanganya na ndizi iliyopondwa na kuzishindilia kwenye ufa kwa ncha ya jiwe, safu juu ya safu. Hussein alikaa kando amenyoosha mguu, akifunga madumu kwa fundo ambalo Rutaihwa hakuwa amewahi kuliona.

"Rudia hilo," mzee alisema.

Hussein akarudia. Rutaihwa akajaribu, akakosea. Akajaribu tena.

"Zungushia kushoto, mzee."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa Mungu. Kuna kumoja tu."

Walifanya kazi mpaka jua likainama, na Nancy, aliyekuwa akichonga mbao mbili kwa jiwe ziwe kafi, aligundua kwamba baba yake mkubwa alikuwa ameuliza maswali zaidi ya ishirini bila kujibu hata moja mwenyewe. Kashozi hawangeamini.

Walijaribu chombo majini. Wakiwa wawili, Nancy na Hussein, kingo zilibaki juu ya maji kwa kiasi cha shibiri moja. Rutaihwa alipoingia, maji yakaingia naye. Alitoka, akasimama yamemfika magotini.

"Basi. Nancy ni mwepesi, atapiga kafi. Hussein anajua njia. Mimi nabaki na ndizi zangu."

"Baba mkubwa, peke yako?"

"Ndege wapo. Nitawahutubia."

Lakini usiku ule, wakati wengine wamelala, Rutaihwa hakulala. Kesho angekabidhi mtumbwi wa baba yake na mtoto wa mdogo wake kwa mtu ambaye juzi alimdharau mbele ya mwalo mzima. Alipoangalia vizuri aliona kwamba haogopi ziwa. Anaogopa kwamba huenda hakukosea kutowaamini watu wa kisiwani.

Alfajiri ziwa lilikuwa limelala. "Upepo unaamka saa nne," Hussein alisema akiwa amelazwa ndani ya mtumbwi, chini kabisa, kichwa kimeinuliwa kwa koti lililokuwa la pasi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa homa. "Tukiwa bado njiani saa nne, tumekwisha. Mzee, nitarudi."

Rutaihwa alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akausukuma mtumbwi.

Nancy alipiga kafi. Mara kumi kulia, mara kumi kushoto, magoti yakiwaka juu ya mbao. Malengelenge yalitokea kabla ya saa moja na kupasuka kabla ya saa mbili.

"Usiangalie kisiwa," Hussein alisema kutoka chini. "Ukikiangalia hakisogei. Angalia kafi."

"Wewe umelala, unajuaje naangalia kisiwa?"

"Mnaopenda kusoma nawajua. Mnataka kuona ukurasa wa mwisho."

Hussein alichota maji kwa kandambili, polepole, mkono ukizidi kuwa mzito. Kizibo cha ndizi kilitokwa jasho tu, hakikuvuja. Kuna wakati alianza kuongea Kikerewe na mtu asiyekuwepo, na Nancy akampigia kelele amwelekeze njia, si kwa kuwa alipotea, bali kwa sababu mtu anayeelekeza njia halali. Akamuuliza jina la mama yake. Akamuuliza dagaa wanakaushwaje. Akajifunza zaidi juu ya dagaa kuliko alivyojifunza juu ya chochote chuoni.

Saa nne kasoro, upepo ukiwa umeanza kukwaruza maji, kafi yake iligonga mchanga. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliangusha walichoshika. Wakaingia majini na nguo zao, wakaubeba mtumbwi na waliomo mpaka nchi kavu. Mmoja, Magdalena, alimbandua Nancy vidole kwenye kafi, kimoja kimoja, kwa kuwa vilikuwa vimekataa kufunguka. Alimnywesha uji kwa kikombe chake mwenyewe. Nancy hakukumbuka kuuliza kama amenawa.

Boti ya kumpeleka Hussein hospitali Bukoba ilikuwa tayari. Hussein akakataa.

"Kuna mzee kwenye jabali," alisema. "Huko kuna majabali manane yanayofanana. Mnipitishe nionyeshe ni lipi, tukitoka huko twende moja kwa moja."

"Mguu wako unaoza," Nancy alisema.

"Basi tuharakishe."

Kule jabalini, Rutaihwa alikuwa amevumilia vizuri mpaka saa tatu. Saa tatu na nusu alianza kuhesabu. Saa tano upepo ulipovuma alisema kwa sauti kubwa, mbele ya ndege, kwamba amekuwa mjinga, kwamba Hussein ni mwizi, kwamba mtumbwi umeshauzwa, kwamba mtoto wa watu ameshatupwa. Alisema na mengine ambayo hayaandikiki. Alikuwa bado anasema boti zilipotokea nyuma ya ncha ya jabali.

Zilikuwa saba. Wavuvi walikuwa wameacha nyavu na taa zao, wameacha kila kitu, wakaja kumtafuta mtu wasiyemjua ambaye aliwaita wapasua kuni. Kwenye boti ya mbele, Hussein alikuwa amelazwa juu ya turubai, mguu umefungwa kwa kanga safi, mkono mmoja hewani ukielekeza.

Rutaihwa aliingia majini mpaka kifuani kabla hawajafika.

"Kwa nini hukwenda hospitali kwanza?"

"Wangekuokota Jumapili, mzee. Ungekuwa umeshabatiza ndege wote."

Rutaihwa alipanda, akakaa karibu na kichwa chake. Walienda mwendo mrefu ndipo aliposema, bila kumwangalia, "Hussein. Saa tano nilikuita mwizi."

"Mimi juzi niliufunga mtumbwi wazi," Hussein alisema, macho yamefumba. "Nilijua utajaa. Nilitaka uone. Sikukuambia."

Mzee aliichukua ile kofia, ambayo kwa muujiza fulani ilikuwa bado mfukoni mwake, akaikamua maji na kumvisha.

Hospitalini Bukoba muuguzi alikuwa na fomu na hakuwa na muda. "Ndugu wa mgonjwa ni nani? Nani atamletea chakula?"

Hussein alitazama dari. Ndugu zake wote walikuwa ng'ambo ya ziwa.

"Mimi," alisema Rutaihwa.

"Uhusiano?"

Mzee mwenye maneno kwa kila kitu alitafuta neno. "Andika baba."

Muuguzi alisoma jina la mmoja, akasoma la mwingine, akamwangalia yule Mhaya mwenye shati lenye mavi ya ndege.

"Andika tu, waitu," Rutaihwa alisema kwa unyenyekevu wa Kihaya. "Kashozi si mbali. Chakula kitafika."

Mguu ulibaki. Daktari alisema ingekuwa siku moja zaidi, angesema mengine. Kwa wiki mbili Ma Alistidia, mke wa Rutaihwa, alileta ebitoke, ndizi za kupika, kila mchana, na kwa wiki mbili Hussein alikula kwa adabu akisema havishibishi. Siku ya kumi na tano mama alichoka kusikia. Alifungua chombo: ugali, na dagaa ambao Nancy aliwatuma kutoka kisiwani, wakiwa wameanikwa kwa mkono wake, wengine bado na mchanga.

"Mimi huu sili," Rutaihwa alisema, akivuta kiti karibu. "Naonja tu nijue mwanangu analishwa nini."

Wakanawa kwenye bakuli moja. Tonge la kwanza alilikosoa. La pili alilikosoa kidogo. La tatu likamnyamazisha.